Kabla ya kumlaumu mama, angalia rangi ya choo cha mtoto

Ujumbe wa kwanza ulifika saa tano usiku, na picha ya nepi ikiwa juu yake. "Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua usiku huu. Mwanangu ana miezi mitatu, ananyonya tu, sijampa kitu kingine. Tangu juzi anapata choo cha kijani. Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa. Mume wangu amerudi kutoka shamba la tumbaku Kaliua na hataki kula chakula changu."

Mwandishi wa ujumbe huo anaishi Ipuli, hapa Tabora mjini. Nilimjibu marahaba, nikamuuliza mambo manne. Mtoto ananyonya vizuri? Ana homa? Anacheka? Uzito wake kliniki unapanda? Akajibu kwamba ananyonya sana, hana homa, anacheka hata na bibi yake, na mwezi uliopita kadi ilionyesha uzito umepanda. Nikamwambia alale. Choo kile kilikuwa cha kawaida kabisa.

Siku mbili baadaye jirani yake, ambaye alikuwa ameonyeshwa majibu yangu, akanitumia picha ya nepi ya mwanawe. Huyu anaishi Cheyo, na mtoto wake alikuwa na siku 38. Hakuwa na malalamiko yoyote. Aliandika kama mtu anayetaka kusifiwa: "Mama, wa kwangu choo chake ni kisafi, hakina rangi kabisa, cheupe kama unga wa muhogo. Hiki si ndicho kizuri?"

Mzazi mwenzangu, nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakwambia picha ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Choo cha kijani kilikuwa kimevunja nyumba nzima na hakikuwa ugonjwa. Choo cheupe hakikumsumbua mtu, na huenda kilikuwa hatari kuliko rangi zote ninazozijua. Ndiyo maana nimeacha mada niliyokuwa nimeiandaa.

Kwanza tuelewe rangi hiyo inatoka wapi. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha mwili huzivunja. Mabaki yake, yanayoitwa bilirubini, huchukuliwa na ini na kutiwa kwenye nyongo. Nyongo hushuka kwa mirija hadi kwenye utumbo mwembamba, ikiwa na rangi ya njano inayoelekea kijani. Ikiendelea kushuka, bakteria wa utumboni huibadilisha hadi inakuwa ya kahawia. Kwa hiyo choo cha kahawia maana yake ni kwamba ini limefanya kazi, mirija iko wazi na chakula kimepita kwa mwendo wake wa kawaida. Kikipita haraka mno, nyongo haipati muda wa kubadilika na choo hutoka kijani. Nyongo isipofika kabisa, choo hutoka cheupe au rangi ya udongo wa mfinyanzi.

Kwa mtoto anayenyonya, rangi hubadilika tangu siku ya kwanza. Choo cha kwanza ni cheusi chenye ukijani, kinanata kama lami, na hutakiwa kutoka ndani ya saa 24, au 48 kwa kuchelewa sana. Kisipotoka, mwambie muuguzi kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani. Baada ya hapo huwa kijani kwa siku chache, kisha njano yenye punje punje kama mbegu. Kuanzia hapo njano na kijani hupishana. Mama akimhamisha mtoto titi la pili kabla hajalimaliza la kwanza, mtoto hupata maziwa mengi ya mwanzo, choo kikatoka kijani chenye povu. Mafua kidogo hufanya hivyo. Vidonge vya madini ya chuma anavyomeza mama havina ubaya, na matone ya madini hayo akipewa mtoto mwenyewe yanaweza kukifanya choo kiwe kijani iliyokolea au cheusi.

Sasa hili la kubemenda. Nimelisikia tangu nikiwa binti: kwamba mzazi akitoka nje ya ndoa, au wenyewe wakikutana mapema wakati mtoto bado ananyonya, mtoto huharisha na kudhoofu. Sidharau wazee wetu. Walikuwa wanatafuta namna ya kumlinda mama asishike mimba nyingine haraka, na mimba za karibu karibu kweli humuumiza mtoto aliye mgongoni. Lakini rangi ya kijani kwenye nepi haiwezi kutoa ushahidi wa uaminifu wa mtu yeyote. Nimeona mabinti wakirudishwa kwao kwa sababu ya nepi. Nimeona pia mtoto aliyekuwa akiharisha kweli akicheleweshwa siku nne huku wakubwa wakisuluhishana nani amekosa, na alipofika kituoni macho yalikuwa yamedidimia ndani.

Ndugu wa imani hiyo ni ile ya meno ya plastiki. Mtoto anaharisha, ana homa, fizi zimevimba kidogo, mtu anasema yana meno ya plastiki, yang'olewe. Kinachong'olewa ni vichipukizi vya meno yake halisi, na mara nyingi kwa msumari au kisu kisichochemshwa. Kuhara hakujatibiwa, na sasa kuna kidonda mdomoni, mtoto hawezi kunyonya. Kama kuna mtu nyumbani kwako anayesema hivyo, mpe gazeti hili asome.

Nirudi Cheyo. Nilimpigia yule mama simu saa hiyo hiyo. Nilimuuliza macho ya mtoto yakoje. Akasema yana njano kidogo, tangu wiki ya kwanza, na kwamba ameambiwa na watu amwanike juani asubuhi. Nikamuuliza kuhusu mkojo. Akasema unaacha doa la njano kali kwenye nepi za kitambaa, hata akifua halitoki vizuri.

Wengi hatujui jambo hili: mkojo wa mtoto mchanga hutakiwa kuwa karibu na maji tu, usiache doa. Watoto wengi huwa na njano ya macho na ngozi siku za mwanzo, na kwa walio wengi hupungua ndani ya wiki mbili. Njano inayozidi siku 14, ikiambatana na mkojo wa rangi kali na choo kilichopauka, ni habari nyingine. Huenda mirija ya nyongo imeziba au haikuumbika sawasawa. Nyongo inabaki kwenye ini na kuliharibu kidogo kidogo, huku mtoto akiendelea kunyonya na kunenepa, watu wakimsifu. Jua haliwezi kufungua mirija. Hata njano ile ya kawaida, jua la asubuhi si dawa ya kuitegemea.

Daktari mpasuaji wa Japani, Morio Kasai, alibuni katika miaka ya 1950 upasuaji wa kuunganisha kipande cha utumbo na ini ili nyongo ipate njia. Upasuaji huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo. Hufanikiwa zaidi ukifanyika kabla mtoto hajafikisha siku 60; kadiri siku zinavyosonga ndivyo ini linavyozidi kukakamaa na matumaini kupungua. Si kila mtoto hupona moja kwa moja, wapo ambao baadaye huhitaji ini jipya. Lakini aliyewahi ana nafasi ambayo aliyechelewa hana. Taiwan, kuanzia mwaka 2004, kila mzazi hupewa kadi yenye picha za rangi za choo ndani ya kitabu cha kliniki, alinganishe nepi na picha. Sioni kwa nini kadi zetu za kliniki zisiwe na ukurasa kama huo. Wino wa rangi si ghali kuliko ini la mtoto.

Kwa hiyo mtoto wa siku 38 alikuwa na siku 22 mbele yake. Baba yake alisema wasubiri masoko ya tumbaku yafunguliwe wapate nauli na ya matumizi. Nitarudi kwao mwishoni.

Kwa wakubwa pia choo cheupe si cha kupuuza. Kikiwa cha siku moja baada ya dawa fulani za tumbo, sawa. Kikiendelea, na mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakawa ya njano na ngozi ikawasha, nenda ukapime. Inaweza kuwa homa ya ini, mawe kwenye mfuko wa nyongo, au uvimbe unaobana mirija. Wanaotumia dawa za kifua kikuu wasichanganyikiwe: dawa yao huugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa na hilo ni la kawaida. Macho yakiwa ya njano ndipo warudi kliniki haraka.

Rangi ya pili ninayotaka tukae nayo ni nyekundu. Wasomaji wa Tabora wanaijua Kwihara, kilomita chache tu nje ya mji, kwenye tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Shule nyingi hupeleka watoto pale. Huambiwa habari za Stanley, za msafara, za biashara ya watumwa. Mara chache huambiwa kwamba mgeni yule alikuwa daktari aliyekuwa akitokwa damu kwenye haja kubwa kwa miaka mingi, na hakutibiwa. Alikuwa na bawasiri. Miaka ya 1860 alipokuwa Uingereza alishauriwa apasuliwe, akakataa. Aliondoka Kwihara Agosti 1872 kuelekea kusini, na Aprili 1873 aliandika kwenye shajara yake kwamba amepauka na kuishiwa nguvu kwa damu iliyokuwa ikimtoka tangu Machi 31. Wiki chache baadaye alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia.

Wenzake, akina Chuma na Susi, walimkausha na kumbeba. Aliyeufungua mwili ni Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Zanzibar na kuona kazi hiyo ikifanyika. Alikuta upande wa kushoto wa tumbo bonge la damu iliyoganda, ukubwa wa kiganja cha mtu. Moyo ukazikwa palepale chini ya mti, mwili ukapita hapa Unyanyembe Oktoba 1873, ukafika Bagamoyo Februari 1874. Njia ile ile waliyopita wapagazi wa pembe.

Simtaji kwa sababu ya umaarufu wake. Namtaja kwa sababu kila wiki nakutana na Livingstone wa mitaani kwetu, mtu mzima, mara nyingi baba, anayeona damu kwenye choo mwaka wa tatu sasa na hajamwambia hata mkewe. Aibu. Ananunua dawa za mitishamba stendi. Pengine ni bawasiri kweli, na bawasiri inatibika bila makubwa. Pengine ni mpasuko mdogo kwa sababu ya choo kigumu, na maji, mboga za majani na matunda vitatosha. Lakini saratani ya utumbo mpana nayo huanza hivyo hivyo, na haijitambulishi. Damu inayorudi rudi, kukonda bila sababu, choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa: hayo hayataki stendi, yanataka daktari akutazame.

Kwa watoto, kabla ya kukimbia, uliza amekula nini. Ubuyu wa rangi, juisi ya choya, barafu za mifuko zenye rangi na kiazi chekundu hutoa choo chekundu kinachotisha. Mama mmoja alinifikia Isevya na mtoto mgongoni na kitambaa mkononi, analia, kaka mtu akamaliza kesi kwa kusema, "Bibi, amekula ubuyu pakiti nne." Tulicheka wote.

Ila damu pamoja na kamasi, homa, na mtoto kulalamika tumbo linakata, huko ni kuhara damu. Hutokana na bakteria au amiba kwenye maji na chakula kilichochafuliwa, na mtoto anahitaji kupimwa na kupewa dawa inayofaa siku hiyo. Usinunue tu vidonge vilivyobaki kwa jirani. Kwa walio na ndugu kanda ya ziwa, wanaooga na kuvua Ziwa Victoria, kuna kichocho cha tumbo pia, ambacho huleta damu kwenye choo na baada ya miaka huharibu ini. Dawa ipo na hutolewa pia shuleni. Mtoto wako asifichwe siku hiyo ya dawa.

Halafu kuna ile ambayo haisubiri hata asubuhi. Mtoto wa miezi minne hadi kumi hivi, mnene, mzima, ghafla analia kwa vipindi akikunja miguu tumboni, anatulia, analia tena, anatapika, kisha choo kinatoka kama jamu nyekundu. Utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, kama mkono wa shati unavyojikunja ndani. Usimpe dawa ya mchango, usimkande tumbo. Hospitali, hata kama ni saa nane usiku na bodaboda.

Nyeusi nayo ina sura mbili. Mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu atapata choo cheusi, na asiviache kwa sababu hiyo. Furu na zambarau pia hukoleza choo. Mtoto mchanga ambaye mama ana nyufa kwenye chuchu anaweza kumeza damu ya mama na choo kikawa na weusi, mtibuni mama. Lakini choo cheusi kinachong'aa, kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, ni damu iliyotoka juu, tumboni, ikapikwa njiani. Wakulima wetu wa Urambo na Sikonge, nawasihi. Mgongo unauma baada ya kuchuma na kubeba tumbaku, mnameza dawa za maumivu asubuhi na jioni bila chakula, wiki baada ya wiki. Dawa kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huchubua ukuta wa tumbo. Kidonda kinaweza kutoka damu bila maumivu makubwa, mtu anaona choo cheusi, anasikia kizunguzungu, anadhani ni uchovu wa shamba. Huyo anaweza kuanguka chooni.

Rangi ya mwisho haifanani na rangi. Ni choo cha maji matupu kama maji yaliyooshewa mchele, kinachotoka kwa wingi bila maumivu makubwa. Ni kipindupindu, na njia zetu zinakijua tangu zamani. Daktari James Christie aliyefanya kazi Zanzibar aliona mlipuko wa mwaka 1869 na 1870, na katika kitabu chake alichochapisha mwaka 1876 alieleza jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara kutoka bara mpaka pwani. Leo misafara ni mabasi na treni. Mgonjwa hufa kwa kuishiwa maji, na anaweza kuishiwa ndani ya saa chache, kwa hiyo anzeni kumpa maji yenye chumvi maalumu mkiwa nyumbani na muendelee njiani mkimpeleka kituoni. Pakiti ya ORS ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kwa kuhara kokote kwa mtoto, ulizia na vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa siku 10 hadi 14. Wengi huviacha kuhara kukikoma siku ya tatu, na hilo ni kosa.

Ukienda kituoni, usiseme tu "choo kibaya". Sema rangi, sema tangu lini, mara ngapi kwa siku, kama kuna damu au kamasi, mtoto amekula nini na dawa gani. Piga picha ya nepi mchana, mlangoni penye mwanga, maana taa za ndani hudanganya rangi. Wauguzi hatutapiki kwa picha ya nepi. Tumeona mengi.

Yule mama wa Ipuli ameniandikia kwamba choo kimerudi njano, na mume amekula. Mama mkwe bado hajasema kitu, lakini amembeba mjukuu kwenda sokoni. Mama wa Cheyo alikwenda Kitete kesho yake asubuhi, akapimwa damu, mtoto akapigwa picha ya tumbo, akapewa rufaa ya Mwanza. Nauli walichanga majirani, wa Ipuli akiwemo. Wameondoka jana na basi la alfajiri, mtoto akiwa na siku 44. Baba amebaki kuangalia tumbaku, ila ananipigia kila jioni kuuliza kama nimesikia chochote.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaendelea na ile mada niliyoiahirisha: mtoto anayekataa uji.